Je, Lilikuwa Dhahiri? Hataza za Vichomeo na Ujuzi wa Matanuru

Utangulizi

Kata ya Buhongwa iko kusini mwa Jiji la Mwanza, katika Wilaya ya Nyamagana, kando ya njia kuu iendayo Shinyanga. Viunga vya aina hii, mahali mji unapokutana na mashamba, huzifaa karakana ndogo ndogo: nafasi ipo, barabara ipo, na malighafi haiko mbali. Kazi nyingi za karakana za namna hiyo huanza na moto. Tofali huchomwa, chuma hufuliwa, samaki hukaushwa, maji hugeuzwa mvuke. Kila fundi aliyewahi kusimama mbele ya tanuru anajua kwamba moto mbaya hula fueli nyingi, hutoa moshi mwingi na kuleta kazi kidogo.

Ikitokea fundi akapata njia ya kuuboresha moto huo, maswali mawili huzuka. La kwanza ni la kisayansi: je, njia hiyo yafanya kazi kweli, na kwa sababu gani? La pili ni la kisheria: je, jambo hilo ni uvumbuzi, au ni jambo ambalo fundi yeyote mwenye ujuzi wa kawaida angelifanya bila kufundishwa? Somo hili lahusu swali la pili. Huonekana kuwa swali la mawakili, lakini haliwezi kujibiwa bila sayansi ya moto. Na jibu lake laweza kumpa mtu haki ya pekee ya miaka 20, au kuwaachia mafundi wote uhuru wao.

Hataza ni nini?

Hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake kwa muda maalumu bila idhini yake. Haki hiyo haitolewi bure. Mvumbuzi hulipa kwa kuueleza uvumbuzi wake waziwazi katika maandishi, ili muda ukwishapo umma wote uweze kuutumia.

Kwa muda mrefu hataza katika Tanzania Bara ilipatikana tu kwa kusajili hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza. Mvumbuzi wa Mwanza alipaswa kupitia London kwanza. Sheria ya Hataza Na. 1 ya mwaka 1987 iliuondoa utaratibu huo, na leo maombi hupokelewa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Njia nyingine ni kupitia Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lenye makao yake Harare, kwa mujibu wa Itifaki ya Harare ya mwaka 1982.

Kila mahali masharti makuu ni matatu. Jambo lazima liwe jipya; lazima liwe na hatua ya kivumbuzi, yaani lisiwe dhahiri kwa mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani husika; na lazima liweze kutumika katika uzalishaji. Sharti la kwanza hupimwa kwa kutafuta kitu kilekile katika ujuzi uliotangulia. Sharti la tatu mara nyingi halina ubishi. Ugomvi mkubwa huwa juu ya sharti la pili.

Sababu ya ugomvi huo yaeleweka kwa mfano wa kitendawili. Kabla jibu halijatajwa, wasikilizaji hukuna vichwa. Likishatajwa, kila mmoja husema, “Aa, kumbe ni hilo tu!” Nyumba isiyo na mlango ni yai, na hakuna tena awezaye kukumbuka jinsi jibu hilo lilivyokuwa limefichika. Uvumbuzi nao huwa hivyo. Mahakama inayoulizwa kama jambo lilikuwa dhahiri huulizwa baada ya jibu kutolewa, mara nyingi miaka mingi baadaye. Kazi yake ni kujirudisha nyuma hadi siku ile ombi lilipowasilishwa, na kuutazama ulimwengu kwa macho ya fundi wa siku hiyo.

Mambo matatu yanayogombana ndani ya moto

Kichomeo ni kifaa kinachochanganya fueli na hewa, kuwasha mchanganyiko huo na kuuelekeza mwali mahali unapotakiwa. Fueli yaweza kuwa gesi, mafuta mazito, makaa yaliyosagwa au hata pumba za mpunga. Mhandisi wa kichomeo hutafuta mambo matatu kwa pamoja, nayo hayapatani kwa urahisi.

Jambo la kwanza ni kuunguza fueli yote. Hewa ikiwa haba, au moto ukiwa wa baridi mno, hutoka masizi na kaboni monoksaidi, ile gesi isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.

Jambo la pili ni kuokoa fueli. Njia moja iliyo bora ni kuipasha moto hewa kabla haijaingia katika kichomeo, kwa kutumia joto la moshi unaotoka. Joto ambalo lingepotea katika dohani hurudishwa kazini.

Jambo la tatu ni kuzuia oksaidi za naitrojeni. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, ambayo katika hali ya kawaida hukaa kimya. Lakini joto la mwali likizidi nyuzi 1,500 za Selsiasi hivi, naitrojeni huanza kuungana na oksijeni kwa kasi inayoongezeka sana kwa kila ongezeko la joto. Mwanasayansi Yakov Zeldovich wa Urusi alieleza utaratibu huo katika miaka ya 1940. Gesi hizo huumiza mapafu, huleta mvua yenye asidi, na naitrojeni yake ikiangukia majini huwa mbolea ya mwani. Kwa watu wa pwani ya Ziwa Victoria, ambao wamekwisha kuona maji yakigeuka kijani, hilo si jambo la kupuuzwa.

Hapo ndipo penye mgongano. Ukiongeza joto ili fueli iungue yote, waongeza oksaidi za naitrojeni. Ukipasha moto hewa ili kuokoa fueli, joto la mwali lapanda na gesi hizo zaongezeka. Ukiupoza mwali ili kuzizuia, kaboni monoksaidi hurudi. Fundi anayetengeneza kichomeo kisichochafua hewa hutembea katika njia nyembamba. Kwa sababu hiyo kila sentimita ya njia hiyo imeombewa hataza, na kila hataza huweza kuulizwa: je, hatua hii ilikuwa dhahiri?

Kishikio cha udongo na jiko la udongo

Kesi iliyoweka msingi wa swali hilo katika Marekani haikuhusu moto, bali kishikio cha mlango. Hotchkiss na wenzake walipata hataza ya vishikio vilivyotengenezwa kwa udongo wa kuchoma au kauri. Vishikio vya umbo hilo vilikuwako tayari, vya chuma na vya mti. Namna ya kukifunga kishikio katika mhimili wake ilijulikana. Udongo nao ulijulikana. Mwaka 1851 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliibatilisha hataza. Ilisema kwamba kubadili malighafi moja kwa nyingine iliyo nzuri zaidi ni kazi ya fundi stadi, wala si ya mvumbuzi.

Katika Afrika ya Mashariki uko mfano unaofanana na huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika Kenya, wataalamu na mafundi, miongoni mwao Max Kinyanjui, waliendeleza jiko la mkaa lenye ganda la bati na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake. Jiko la bati lilikwisha kuwako mitaani kwa miaka mingi. Kikombe cha udongo kilitokana na mfano wa jiko la ndoo la Thailand. Udongo huzuia joto lisipotee ubavuni, na mkaa huunguza chakula badala ya kuunguza hewa ya jikoni.

Je, jiko hilo lingestahili hataza? Mpinzani angesema: ganda lajulikana, kikombe chajulikana, na kila mfinyanzi ajua kwamba udongo hushika joto. Mtetezi angejibu: kikombe cha udongo kikifungwa ndani ya bati hupasuka, kwa kuwa vitu hivyo viwili hutanuka kwa viwango tofauti, kupata umbo, unene na saruji ya kuvishikanisha bila kupasuka kulihitaji majaribio mengi. Mabishano hayo hayakufika mahakamani, kwa kuwa jiko hilo halikulindwa kwa hataza. Liliachwa huru. Mafundi wa Nairobi waliliiga, kisha likaenea Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia likiwa na sura na majina mbalimbali. Uhuru huo ulileta jiko kwa watu wengi. Pia ulileta vikombe duni vilivyochomwa vibaya na kupasuka mapema, kwa kuwa hapakuwa na mwenye mamlaka ya kumzuia mwigaji mzembe.

Mfano huu wafundisha kwamba swali la hataza lina pande mbili za haki. Hataza ikitolewa kwa jambo lililo dhahiri, maelfu ya mafundi hulazimika kulipia ujuzi uliokuwa wao tangu zamani. Ikinyimwa kwa jambo lisilo dhahiri, mvumbuzi aliyetumia miaka yake na mali yake hubaki mikono mitupu huku wengine wakivuna.

Hewa ya moto ya Neilson

Mfano wa pili waonyesha jambo lililokuwa rahisi sana lakini halikuwa dhahiri hata kidogo. Mwaka 1828 James Beaumont Neilson, msimamizi wa kiwanda cha gesi cha Glasgow, Scotland, alipata hataza ya kupasha moto hewa inayopulizwa katika tanuru la kuyeyushia chuma. Leo mwanafunzi wa sekondari angeweza kulisema hilo: hewa ikiingia ya moto, tanuru halitapoteza joto kuipasha.

Mafundi wa siku hizo waliamini kinyume chake. Walikuwa wameona kwa macho yao kwamba matanuru hufanya kazi vizuri zaidi wakati wa baridi. Basi walihitimisha kwamba hewa baridi ndiyo bora. Wengine walipaka rangi nyeupe vyombo vya kupitishia hewa ili visipate joto la jua, au waliipitisha hewa juu ya maji baridi. Kuona kwao kulikuwa sahihi. Hitimisho lao lilikuwa potofu. Hewa ya majira ya baridi ina unyevu mdogo, na huo ukavu, wala si ubaridi, ndio uliolisaidia tanuru.

Matokeo ya jaribio la Neilson yalionekana katika hesabu za kiwanda cha chuma cha Clyde. Mwaka 1829, kwa hewa baridi, tani moja ya chuma ilitumia tani 8 hivi za makaa ya mawe. Kwa hewa ya moto, matumizi yalishuka kufikia tani 5 hivi mwaka 1830, na mwaka 1833, hewa ikiwa ya moto zaidi, yalikuwa chini ya tani 3.

Wenye viwanda waliochukia kulipa ada ya shilingi moja kwa kila tani walimpeleka Neilson mahakamani, au walipelekwa naye. Katika kesi ya Neilson na Harford ya mwaka 1841 hoja yao kubwa haikuwa kwamba jambo hilo ni dhahiri. Walidai kwamba Neilson alikuwa ameombea hataza kanuni ya maumbile, yaani kwamba hewa ya moto ni bora, wala si chombo. Mahakama ilikataa hoja hiyo: kanuni peke yake haina mwenyewe, lakini kanuni iliyotiwa katika chombo kinachofanya kazi yaweza kulindwa.

Kwa mwanafunzi wa leo, somo la Neilson liko katika imani ile ya baridi. Mahakama za nchi nyingi sasa hukubali kwamba, ikiwa fani nzima iliamini jambo fulani haliwezekani au lina madhara, yule aliyelijaribu na kufaulu hakufanya lililo dhahiri. Wepesi wa kitu hauthibitishi udhahiri wake.

Matanuru ya Buhaya

Ng’ambo ya magharibi ya Ziwa Victoria, kutoka Mwanza kuelekea Bukoba, yako mabaki yanayolifanya swali hili liwe gumu na tamu zaidi. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchimbaji wao Buhaya. Walieleza kwamba wahunzi wa eneo hilo, yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walifua chuma katika matanuru ambamo mirija ya udongo ya kupulizia hewa iliingizwa ndani kabisa. Kwa maoni yao, hewa ya mivukuto ilipata joto ikipita katika mirija hiyo kabla ya kukutana na makaa. Wazee wa Kihaya waliokumbuka kazi hiyo waliijenga upya mbele ya watafiti katika miaka ya 1970.

Si wote waliokubali. Mwaka 1986 J. E. Rehder alipinga akisema kwamba hewa ipitayo kwa kasi ndani ya mrija mfupi haiwezi kupata joto la kutosha kuleta tofauti kubwa. Ubishi huo ni wa vipimo: urefu wa mrija, kasi ya hewa, na mavi ya chuma yaliyoganda mdomoni mwa mrija, ambayo huhifadhi alama ya joto lililokuwako.

Ichukuliwe kwa muda kwamba Schmidt na Avery walikuwa sahihi. Je, hataza ya Neilson ingekuwa batili? Sheria ya Uingereza ya siku hizo iliangalia kilichojulikana ndani ya Uingereza tu, Buhaya haikuhesabiwa. Hata Marekani, hadi mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika tarehe 16 Machi 2013, matumizi ya kitu katika nchi nyingine hayakuhesabiwa kuwa ujuzi uliotangulia yasipochapishwa. Mhunzi angeweza kutumia njia yake kwa karne kumi na tano mbele ya kijiji kizima, na bado machoni pa sheria hiyo ikawa kama haijawahi kuwako mpaka mtu alipoiandika. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa mwaka 1973 ulifuata njia nyingine: chochote kilichowekwa wazi kwa umma popote duniani, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa matumizi, huhesabiwa.

Hata hivyo sheria inayohesabu matumizi bado hudai ushahidi. India ilijifunza hivyo katika kisa cha manjano. Mwaka 1995 hataza ilitolewa Marekani juu ya kutumia unga wa manjano kuponya vidonda, jambo ambalo kila nyanya wa Kihindi alilijua. Baraza la utafiti wa sayansi la India lililazimika kutafuta maandishi ya kale na kuyawasilisha, na ndipo madai hayo yalipobatilishwa mwaka 1997. Baada ya hapo India ilianza kuweka ujuzi wake wa jadi katika hazina ya maandishi inayoweza kusomwa na wakaguzi wa hataza. Nchi wanachama wa ARIPO nazo zilipitisha Itifaki ya Swakopmund ya mwaka 2010 juu ya ulinzi wa ujuzi wa jadi. Funzo ni moja: ujuzi usioandikwa huwa kama mali isiyo na shahidi.

Moto usioonekana

Mfano wa nne watoka Ujerumani, nao warejea katika ule mgongano wa mambo matatu. Mwaka 1989 mhandisi J. A. Wünning alikuwa akijaribu kichomeo kinachopasha hewa yake chenyewe. Tanuru lilikuwa na joto la nyuzi 1,000 hivi, na hewa iliingia ikiwa na nyuzi 650 hivi. Ghafla mwali ulitoweka. Kifaa kinacholinda usalama kwa kuutazama mwali hakikuona kitu. Kwa desturi ya fani hiyo, mwali ukitoweka fueli hukatwa mara moja, kwa hofu ya mlipuko.

Lakini fueli ilikuwa ikiungua. Vipimo vya moshi vilionyesha kaboni monoksaidi chini ya sehemu moja katika milioni, na oksaidi za naitrojeni karibu na sifuri, ingawa hewa ilikuwa imepashwa moto sana. Maelezo yake ni haya. Hewa na gesi ziliingia kwa kasi kubwa na kuvuta moshi uliokuwamo tanuruni, mara 3 au zaidi ya wingi wao wenyewe, kabla hazijakutana. Kwa kuwa tanuru lilikuwa na joto la kutosha kuiwasha fueli popote ilipo, mwali haukuhitajika. Uunguaji ulienea katika chumba kizima bila kuwa na kilele cha joto, na bila kilele hicho naitrojeni haikuamka. Uvumbuzi huo uliombewa hataza, na vichomeo vya aina hiyo vikaingia katika viwanda vya chuma.

Mpinzani wa hataza ya namna hii hana upungufu wa hoja. Angesema: kurudisha moshi katika mwali ili kuupoza kulijulikana tangu zamani. Kweli, lakini vitabu vya fani vilionya kwamba moshi ukizidi kiasi kidogo, mwali huyumba na kuzimika. Angesema pia: kupasha hewa kulijulikana tangu Neilson. Kweli, lakini vitabu hivyohivyo vilifundisha kwamba hewa ikipashwa sana, oksaidi za naitrojeni huongezeka. Kila kipande kilijulikana, na kila kipande kiliambatana na onyo la kutokifikisha pale kilipofikishwa.

Hapa ndipo yanapofaa maneno mawili ambayo Ofisi ya Hataza ya Ulaya huyatenganisha kwa uangalifu: “angeweza” na “angefanya”. Haitoshi kusema kwamba fundi angeweza kuongeza moshi hadi mwali utoweke. Mkono wake ulikuwa na uwezo huo siku zote. Swali ni kama, kwa yale aliyofundishwa na kwa shida aliyotaka kuitatua, angefanya hivyo akitumaini kufaulu.

Vipimo vya mahakama

Sheria ya Marekani ya mwaka 1952 ndiyo iliyoliingiza neno “dhahiri” katika maandishi ya sheria ya nchi hiyo. Mwaka 1966, katika kesi ya Graham na John Deere, Mahakama Kuu iliweka utaratibu wa uchunguzi. Kwanza huulizwa ni nini kilichojulikana. Pili, kuna tofauti gani kati ya hicho na kinachodaiwa. Tatu, fundi wa kawaida wa fani hiyo ana ujuzi kiasi gani. Kisha hutazamwa dalili za nje: je, watu walikuwa wakiihitaji suluhu hiyo kwa muda mrefu? Je, wengine walijaribu wakashindwa? Je, bidhaa ilipotokea ilipokelewa kwa wingi?

Mwaka 2007, katika kesi ya KSR na Teleflex, mahakama hiyohiyo ilisema kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kwa njia inayojulikana, kukaleta matokeo yaliyotarajiwa, kwa kawaida ni jambo dhahiri. Neno la kushikwa hapo ni matokeo yaliyotarajiwa. Kinachopimwa si wingi wa vipande vipya, bali kama vipande vya zamani vilipokutana vilifanya jambo ambalo fani haikulitazamia.

Mfano wa karakana

Ichukuliwe sasa karakana ya kubuni, huko Buhongwa, inayotengeneza kichomeo cha pumba za mpunga kwa ajili ya boila ya kiwanda kidogo. Mpunga hulimwa kwa wingi Mwanza na Shinyanga, na takribani sehemu moja ya tano ya uzito wake ni pumba. Fueli hiyo ina ugumu wake: majivu yake yamejaa silika. Moto ukizidi, majivu huyeyuka na kuganda mawe ndani ya chumba. Ukipungua, hutoka moshi mweusi.

Mafundi wafanya mabadiliko matatu. Kwanza, wapiga lipu ya udongo wa kuchoma ndani ya chumba ili joto lisipotee. Pili, waigawa hewa katika sehemu mbili, nyingine chini na nyingine juu, ili pumba zitoe gesi kwanza kisha gesi hiyo iungue. Tatu, wavuta moshi kutoka dohani na kuurudisha chini ya pumba kwa kiasi kinachozidi sana kile wanachoshauriwa na vitabu.

Badiliko la kwanza halitapata hataza. Ni kishikio cha udongo cha Hotchkiss kwa mara nyingine. La pili limo katika vitabu vya uhandisi tangu miaka mingi. La tatu ndilo lenye tumaini, lakini kwa sharti moja: vipimo. Ikiwa majivu yameacha kuganda, kaboni monoksaidi imepungua, na oksaidi za naitrojeni nazo zimepungua, ilhali fani ilitarajia moto ungezimika, basi kuna hoja ya hatua ya kivumbuzi. Bila namba, hoja hiyo ni maneno matupu.

Wakiona kwamba hatua yao ni ndogo, isiyofikia kimo cha hataza, bado wanayo njia nyingine. Sheria ya Tanzania na Itifaki ya Harare zina ulinzi mdogo zaidi kwa vifaa vipya vyenye manufaa, ambao masharti yake ni mepesi na muda wake ni mfupi.

Kuna hatari moja ambayo huwaponza mafundi wengi. Kichomeo kikionyeshwa hadharani kabla ya ombi kuwasilishwa, kwa mfano katika maonyesho ya Nane Nane viwanja vya Nyamhongolo, onyesho hilo laweza kuhesabiwa kuwa ujuzi uliotangulia dhidi ya mwenyewe. Utaratibu ulio salama ni kuwasilisha ombi kwanza, kisha kuonyesha.

Hali kadhalika, daftari la karakana ni mali. Liandikwe kila siku, kwa tarehe: kilichojaribiwa, kilichotarajiwa, kilichotokea, hata kilichoshindikana. Kurasa za kushindwa zina thamani ya pekee, maana ndizo zinazoonyesha kwamba njia haikuwa wazi. Daftari hilohilo huwafaa hata wasiotaka hataza. Mafundi wakiuchapisha ujuzi wao pamoja na tarehe, hakuna mgeni atakayeweza kuuombea hataza baadaye na kuwadai ada.

Muhtasari

Jambo huwa dhahiri au lisiwe dhahiri kwa kulinganishwa na fundi wa kawaida, katika siku ya ombi, kwa ujuzi uliokuwako siku hiyo. Kishikio cha udongo kilianguka kwa sababu kilileta kilichotarajiwa. Hewa ya Neilson na moto wa Wünning vilikwenda kinyume cha matarajio ya fani. Matanuru ya Buhaya yakumbusha kwamba ujuzi waweza kuwa mkubwa na wa kale, na bado ukapita bila kuhesabiwa kwa kukosa maandishi.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini mafundi wa matanuru waliamini kwamba hewa baridi ni bora? Tenganisha walichokiona na walichohitimisha.

2. Eleza kwa nini kupasha hewa moto huokoa fueli lakini kwa kawaida huongeza oksaidi za naitrojeni.

3. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo: andika hoja mbili za anayedai ni dhahiri na hoja mbili za anayekataa.

4. Chagua ujuzi mmoja wa moto unaotumika katika eneo lako, kama vile kukausha samaki au kuchoma matofali. Uandike kwa namna ambayo fundi asiyewahi kuuona angeweza kuufuata, kisha utie tarehe.